Hewa ya Mwenzake

Sehemu ya Tisa

Tssssss!

Shafiq aliganda. Sauti ilitoka nje, upande wa pili wa ukuta wa mbao, hatua moja tu kutoka sikio lake. Ikakatika. Ikaja tena, ndefu kuliko ya kwanza.

Tsssssssss!

Wewe uliyemwacha ndani ya stoo ile juma lililopita, mkono wake ukiwa ndani ya begi la mwanamume mwingine, unajua alifuata nini. Na wewe unayemkuta leo kwa mara ya kwanza, shika haya machache twende.

Siku nne zilizopita Paddy, mzamiaji wa Bulumbi, alivutwa kutoka chini ya maji ya machimbo ya Kwapa, midomo imegeuka rangi, mtungi wa hewa mgongoni mtupu. Sasa amelazwa Tororo. Hajafumbua macho. Lakini saa yake ya kuzamia, ile inayopokea kipimo cha hewa bila waya wala bomba, ilikuwa bado inasema ana hewa tele.

Basi mji wa Busia ukakata hukumu. Kama hewa ilikuwepo na mtu akazimia, hewa yenyewe ilikuwa mbaya. Mtungi je? Ah, ulimwagika wakati wa kumburura kwenye mawe! Na hewa ilijazwa na nani? Na Mzee Okochi, mwenye kompresa. Kwisha.

Mtu mmoja tu hakulala. Fundi wa simu aliyeziunga saa za wazamiaji na mitungi yao. Shafiq.

Alikuwa amekuja kuiba saa ya Paddy kabla askari hawajaipeleka kwa mtu anayejua. Aiwashe, aifute, aiunge upya, airudishe begini. Dakika tano. Tena alikuwa ameshaiwasha. Kwenye kioo, mahali pa kipimo cha hewa, palikuwa na vistari vitatu vitupu, na mtungi wa Paddy ulikuwa umelala pale miguuni pake, koki wazi, hauna kitu.

Tsssssss!

Vistari vikatoweka. Kwenye kioo ikatokea namba.

Tisini.

Shafiq aliitazama namba ile. Akautazama mtungi mtupu. Akaitazama tena namba. Kisha akaweka jicho kwenye ufa wa ukuta.

Nje, Mzee Okochi alikuwa amesimama mbele ya watu, kifua wazi, amefungua mtungi wa Herbert, yule mwenzake Paddy aliyezama naye siku ile. Kidomo cha kuvutia hewa alikuwa amekibana kwa meno. Alikuwa anaivuta hewa yake mwenyewe ili watu waone kwamba haiui.

Na saa ya Paddy ilikuwa inausoma mtungi wa Herbert.

Wasiwasi ni kitu kimoja, na kujua ni kitu kingine. Sasa alijua.

Alikumbuka siku yenyewe, mwezi mmoja nyuma, ndani ya kibanda chake cha simu. Saa mbili, transmita mbili, kila moja kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachofungwa karibu na koki ya mtungi ili kiirushie saa kipimo. Lakini mtungi uliojaa ulikuwa mmoja tu siku hiyo. Akafunga transmita ya kwanza, akaiunga saa ya kwanza, namba ikatokea. Kuifungua transmita ile na kufunga ya pili kungemlazimu amwage hewa, naye aliona uvivu. Akasogeza saa ya pili palepale. Akabonyeza. Namba ikatokea!

Akafurahi. Alidhani ni kama waifai, simu hata kumi zinashika moja na hakuna inayodhurika.

Kumbe aliwavalisha wanaume wawili saa zinazosoma mtungi mmoja.

Wiki tatu haikujulikana. Kule Majanji, ziwani, walikuwa wakikagua nyavu za samaki bega kwa bega, hewa inapungua sawasawa. Kwapa ikawa tofauti. Kwapa Paddy alikata mnyororo wa pampu iliyozama kwa msumeno, anapumua kama mtu anayepanda mlima, na Herbert kando yake ametulia, ameshika taa, hewa yake bado tele.

Mlango wa stoo ukafunguliwa kwa kishindo.

"Shafiq? Unafanya nini humu?"

Alikuwa Nasirumbi, dada yake Paddy. Mzamiaji naye, mabega mapana, macho mekundu kwa siku nne za kilio na hasira.

"Nime... nilikuja kuangalia saa."

"Mungu amekuleta!" Akamshika mkono, akamvuta nje kwenye jua. "Jamani, fundi huyu hapa! Okochi anatuchezea sinema ya kuvuta hewa. Sasa fundi aseme."

Watu wakasogea. Mmoja wa askari wawili walioegemea pikipiki akasimama vizuri. Herbert naye akaja, kofia mkononi. Mzee Okochi akatoa kidomo kinywani, akatabasamu kwa matumaini. Ndiyo, alitabasamu! Alimjua Shafiq tangu anavaa kaptula.

"Sema, mwanangu," Okochi alisema. "Wewe iko na kichwa ya mashine. Hii watu mimi nawaambia hawasikii. Angalia saa, labda saa ndiyo iko na shida."

Shafiq aliigeuza saa ya Paddy kiganjani.

"Fundi," askari akauliza, "saa ni nzima au ni mbovu?"

Hapo, msomaji, kijana alikuwa na neno moja la kusema. Aliliona kabisa, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Akamwona Nasirumbi. Akamwona Herbert. Akaziona simu za watu zimeinuliwa kurekodi.

"Saa ni nzima," alisema.

Na hakudanganya! Saa ilikuwa nzima kabisa. Iliisoma transmita iliyofundishwa kuisoma. Ubaya wote ulikaa humo ndani ya ukweli huo, kama sindano ndani ya mkate.

Tabasamu la Okochi halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo usoni, halina kazi, kisha likaanguka.

"Umesikia, mzee," askari akasema. "Twende."

"Banange! Twende wapi? Nimevuta hewa mbele yenu! Nimekufa?"

"Utaeleza kituoni."

Nasirumbi hakungoja. Alinyoosha kiganja mbele ya Shafiq. "Lete saa."

"Ya nini?"

"Maji ya Kwapa yamefika kwenye migomba ya watu, pampu bado iko chini, mnyororo umekatwa nusu. Leo namalizia kazi ya kaka yangu. Nitavaa saa yake."

Shafiq akairudisha saa nyuma. "Leo? Hapana, dada. Ngoja kwanza... ngoja niikague."

"Si umesema nzima?"

"Nimesema, lakini..."

"Nzima si nzima?"

"Nzima."

Nasirumbi akaichukua mkononi mwake kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaivaa.

"Basi chukua na geji ya mshale," Shafiq akasema haraka. "Ile ya zamani ya kupima hewa. Kwa usalama tu."

Herbert akacheka kwa mshangao. "Wee fundi, geji gani? Si ni wewe ulizing'oa? Ukasema bomba linanasa kwenye nyavu, ukasema ni vitu vya babu zetu. Ziko wapi?"

Ziko wapi! Zilivuka mpaka siku ileile ndani ya gunia la vyuma chakavu.

Herbert na Nasirumbi wakaanza kupakia pikapu. Mitungi mitatu ilikuwa imeegemea ukuta. Nasirumbi akabeba wa kwanza aliouona, Herbert akabeba wa pili na kuuhamishia transmita yake.

"Nasirumbi!" Okochi alipiga kelele kutoka kwenye pikipiki, amebanwa kati ya askari wawili. "Hiyo mitungi haijajaa yote! Moja ni nusu! Angalia chaki, mtungi yenye chaki shingoni ndiyo..."

"Chaki ya muuaji siisomi!" Nasirumbi akamjibu, akainua mkono wenye saa. "Hewa ikiwa nusu, hii itaniambia!"

Pikipiki ikaondoka. Pikapu ikaondoka. Shafiq alisimama katikati ya vumbi la vyote viwili.

Alijidanganya kwa muda. Tusimfiche, alijidanganya. Alijiambia labda mzee amesema vile kwa woga. Alijiambia labda Herbert ndiye aliyebeba ule wa nusu, na hapo saa zote zingesema nusu, wote wangetoka mapema, hakuna atakayekufa. Alikwenda hadi ukutani, akainamia mtungi uliobaki.

Shingoni ulikuwa na duara la chaki nyeupe.

Chaki ya Okochi ilikuwa alama ya mtungi uliojaa. Kwa hiyo mmoja kati ya ile miwili ndio ulikuwa nusu. Akajitahidi kukumbuka. Nasirumbi alibeba wake kwa mkono mmoja. Shingo ya mtungi ilikuwa karibu na uso wake alipopita. Ilikuwa na chaki?

Haikuwa na chaki.

Herbert ana mtungi uliojaa. Saa ya Nasirumbi itausoma wa Herbert. Itamwambia: umejaa, shuka.

Shafiq alimpigia Herbert. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga ya Nasirumbi. Imezimwa. Akatoka mbio hadi barabarani, akarukia boda ya kwanza.

"Kwapa! Machimboni! Kimbiza!"

"Boss, hata helmeti hujavaa."

"Kimbiza, nimesema!"

Barabara ya Tororo ilikuwa na foleni ya malori yanayongoja kuvuka, marefu kama ukoo usiokwisha. Boda ilipenya katikati. Shafiq hakuona lori hata moja. Alikuwa anamsikia Paddy, siku ile kibandani, akiwa ameshika geji yake ya mshale kwa mikono miwili.

"Shafiq, niachie mshale wangu. Huu nauelewa."

Na yeye alifanya nini? Alicheka. Alicheka mbele ya wateja, akasema, "Paddy, bwana, wewe bado unatumia tochi ya mafuta ya taa?" Watu wote wakacheka. Paddy naye akacheka kwa aibu, akauachia mshale.

Walikunja kulia, wakaingia njia ya udongo. Shimo la machimbo likatokea, pana, kuta zake nyeupe, maji yake ya kijani yametulia kimya. Pikapu imesimama ukingoni. Herbert hayupo. Nasirumbi hayupo. Yupo mzee mmoja tu mwenye koti la mvua, ameketi juu ya jiwe, kamba imepita begani kwake na kuzama majini.

"Mzee! Wameshuka saa ngapi?"

"Wewe nani?" Huyu alikuwa Emong, jirani wa shimo, ambaye maji yalikuwa yamekwisha kula nusu ya mihogo yake. "Kelele ya nini? Watu iko kazini."

"Nauliza wameshuka saa ngapi!"

"Kitambo. Hapana shika kamba! Nyabo Nasirumbi amesema hakuna mtu kugusa kamba, hata kama ni LC mwenyewe, mkubwa ya kijiji."

"Vuta mara nne! Nne ni ya kuwatoa!"

"Nne ni ya hatari. Hatari iko wapi?"

"Iko mkononi mwake, mzee! Ameivaa!"

Emong alimtazama kama mtu anayetazama mlevi. Shafiq hakungoja. Aliirukia kamba, wakaanguka wote wawili kwenye matope, mzee anatukana kwa Kiteso, kijana anavuta. Moja! Mbili! Tatu! Nne!

Kamba haikujibu.

Juu ya maji, karibu na ukuta wa mbali, mapovu yalikuwa yanatoka mahali pawili. Shafiq aliyaona, akayakazia macho. Kushoto, povu. Kulia, povu. Kushoto. Kulia. Wawili wanapumua. Alhamdulillahi, wawili.

Akavuta tena mara nne.

Kushoto, povu. Kulia, povu. Kushoto.

Kushoto.

Kushoto tena.

Kulia maji yakatulia.

"Mzee Emong," Shafiq alisema, na sauti haikuwa yake. "Kulia hakuna mtu."

Emong aliacha kutukana. Akaishika kamba, safari hii pamoja naye, wakavuta kama watu wanaomtoa ng'ombe kisimani. Kamba ilikuja nzito. Ilikuja. Mapovu ya kushoto yakaongezeka, makubwa, ya fujo, yanapanda, yanakaribia...

Vichwa viwili vikapasua maji!

Herbert alikuwa amemkumbatia Nasirumbi. Kinywani mwa Nasirumbi kulikuwa na kidomo cha akiba, kile cha pili kinachotoka kwenye mtungi wa Herbert. Kamba ilipovutwa, Herbert aligeuka kumtazama mwenzake, akamkuta ameshika koo. Kama asingegeuka! Usiniambie nimalizie.

Waliwaburura hadi ukingoni. Nasirumbi alitema kidomo, akakohoa, akavuta hewa ya Mungu mara tatu, kisha akainua mkono wake wenye saa juu.

"Mia moja na arobaini! Inasema mia moja na arobaini! Na mtungi ninavuta, hakuna kitu! Hakuna!"

Herbert alipiga ngumi kwenye matope. "Okochi! Mzee yule anataka kumaliza boma lenu lote! Ametia kitu kwenye mitungi!"

"Mtu iko kwa selo na bado anaua?" Emong akauliza.

"Aliijaza kabla ya kukamatwa! Wacha nifike Busia. Hiyo kompresa yake nitaitia moto kwa mkono wangu."

Umeona mlango huo, msomaji? Umefunguka wenyewe! Shafiq hakuombwa kusema chochote. Alikuwa shujaa. Alikuwa ametoka Busia mbio, amevuta kamba, ameokoa mtu. Nasirumbi alikuwa anamtazama kwa macho ya shukrani, na alinyoosha mkono amguse.

"Shafiq, ulijuaje? Mungu akubariki, ndugu yangu. Ulijuaje?"

Mkono ule ulimchoma kuliko kofi.

"Si Okochi," alisema.

"Nini?"

Shafiq alimfuata Herbert, akaushika mtungi mgongoni mwake, akachukua kile kidomo cha akiba na kukibonyeza katikati. Hewa ikatoka kwa kelele. Akaendelea kubonyeza.

"Wee! Unamwaga hewa yangu!"

"Nasirumbi, angalia saa yako."

"Shafiq, mimi sielewi..."

"Angalia tu, dada. Isome kwa sauti."

Nasirumbi alitazama mkono wake. "Mia moja na thelathini na mbili." Akakunja uso. "Mia na kumi na tano." Sauti ikapungua. "Tisini." Akautazama mtungi wake mwenyewe, mtupu, mgongoni, ambao hakuna aliyeugusa. "Sabini. Shafiq, inashuka. Kwa nini inashuka?"

Herbert alitazama saa ya mkononi mwake. "Yangu pia sabini."

Shafiq akaachia kidomo. Kelele ikakatika.

"Hii saa inasoma mtungi wa nani?" Nasirumbi aliuliza polepole.

"Wa Herbert."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nilipowapa. Nilikuwa na mtungi mmoja uliojaa. Niliziunga zote mbili hapohapo. Niliona uvivu kumwaga hewa."

"Na asubuhi, askari alipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

Shafiq alitaka kusema hapana. Wallahi alitaka.

"Nilikuwa nimejua dakika moja kabla."

"Ukaniacha nikaivaa."

"Nilikuacha."

Herbert alimrukia. Emong akaingia katikati na koti lake la mvua, amenyoosha mikono. "Hapana! Damu hapana mwaga kwa shamba yangu, maji inatosha!"

Nasirumbi hakumpiga. Laiti angempiga! Aliketi kwenye matope, maji yanamchuruzika kwenye nywele, akauliza swali moja tu.

"Kaka yangu aliniambia alikuomba umwachie mshale wake. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka."

Aliivua saa. Akamshika Shafiq mkono, akamfunga saa ile mwenyewe, akaikaza hadi ngozi ikafanya mkunjo.

Ndipo simu ya Herbert ikaita kwenye pikapu. Herbert akaenda kuichukua, akatazama kioo. "Ni Jovia."

Jovia, mke wa Paddy, aliyekuwa Tororo kando ya kitanda. Nasirumbi akaipokea, akaweka sauti ya nje.

"Jovia? Sema."

"Ameamka!" Sauti ilikuwa inalia na kucheka. "Nasirumbi, Paddy ameamka! Amekunywa uji! Amenitambua!"

Nasirumbi alifunika uso. Emong akavua kofia. Hata Herbert alisahau hasira, akainama na kushika magoti.

"Yesu wangu, asante. Anasemaje?"

"Askari yuko hapa, anamwandika maelezo. Amemuuliza, labda saa ilikosea? Paddy amekataa katakata. Amesema, saa hiyo niliwekewa na Shafiq, Shafiq ni rafiki yangu, mkono wake haukosei. Amesema basi ni hewa. Ni Okochi." Jovia alivuta pumzi. "Karatasi imeandikwa yote. Mkono hauna nguvu ya kusaini, kwa hiyo wameenda kutafuta wino wa kidole gumba. Akishatia kidole, Okochi anapelekwa mahakamani. Shafiq yuko hapo? Paddy anamuulizia."

Nasirumbi akamgeukia Shafiq. Aliinyoosha simu tu, mkono umenyooka, kioo kimemwelekea kijana.

Shafiq aliichukua. Kutoka Kwapa hadi Tororo si mbali. Wino hautafutwi siku nzima.

"Jovia, ni mimi, Shafiq," alisema. "Kishike kidole chake, kifunike kwa mkono wako, mtu asikiguse. Ninakuja sasa hivi. Nakuahidi wewe, na yeye asikie: nitasimama mbele ya kitanda chake na mbele ya askari, na jina la Okochi litafutwa kwenye karatasi hiyo, liandikwe langu."